Kiti Kitupu Katika Ndege ya Watalii

Ng'ambo, Tabora
9 Septemba 1973

Kwa mke mwenzangu Maua,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi huku wazima. Goti la kushoto limeanza mambo yake, la kulia bado lanitii. Mvua hazijafika. Asali ya mwaka huu kutoka Usinge ni nyeusi na nzito, haikai sokoni. Mjomba wako Lugembe ameambiwa ahamie kijiji cha ujamaa kwa sababu nyumba yake iko mbali na barabara. Amewaambia nyumba ilikuwapo kabla ya barabara. Wakamwonyesha kiwanja. Mizinga yake imebaki porini, naye kila mara anarudi kuitazama kama mtu aliyeacha watoto.

Anayeandika ni Silasi, yule karani wa reli aliyestaafu, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mwandiko wake mzuri ila anapenda kunirekebisha. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiandike ninavyopaswa kusema. Amekubali kwa kununa.

Barua yako ya Agosti imefika. Silasi aliisoma vizuri mpaka katikati, akakohoa. Akakohoa tena. Nikamwuliza, "Umemeza nini?" Akasema, "Bi Tatu, mjukuu wako anasema yuko katika hali." Nikamwambia, "Hali gani, ya hewa?" Akatazama dari. Basi nikajua.

Alhamdulillahi. Hilo tu ndilo naweza kulisema mbele ya mwanamume.

Umesema Februari. Umesema mumeo Twalibu yuko melini anapikia mabaharia, na meli yake hairudi huko kabla ya Aprili. Sina ugomvi naye, mtu na kazi yake. Lakini huwezi kujifungua peke yako katika mji wa watu, kisa umekwenda kusomea maziwa. Bado sijaelewa hilo la maziwa. Igunga kuna ng'ombe wangapi, wewe ukavuke bahari kuyafuata? Lakini serikali ilikutuma, sawa.

Umesema nije. Ulivyosema ni kama vile niende Ipuli, hapo mtaa wa pili. Maua, mbali nilikowahi kufika mimi ni Mwanza, na nilitapika njia nzima. Lakini baba yangu Kashindye alikwenda pwani kwa miguu na mzigo kichwani, akarudi na mzigo mwingine, wala hakuwa mtu wa kuuliza ni mbali kiasi gani. Alikuwa anauliza nani anaongoza na chumvi anayo nani. Nami nauliza hivyo: ndege hiyo anaongoza nani, na kiti ni bei gani? Ukitajiwa bei, usishtuke, usicheke, kaa kimya. Wauzaji wote wana bei ya kwanza na ya mwisho, hata Wazungu.

Nitakuja. Wanawake niliowalea uzazi mtaa huu siwakumbuki tena kwa majina. Sitakaa hapa nikipima asali wakati wewe unakandwa na mtu asiyejua kukanda. Tena wewe nimekubeba tangu siku ile ile aliyotutoka mama yako Siwema.

Mengine tutaongea nikifika. Kula. Usipande ngazi ukiwa na njaa.

Ni mimi Bibi yako,
Tatu binti Kashindye

*

Kopenhagen
30 Septemba 1973

Bibi yangu,

Shikamoo. Mzee Silasi, shikamoo nawe, na asante kwa macho yako.

Mimi mzima. Baridi imeanza, miti inapukutika yote kwa pamoja kana kwamba imeamriwa. Chuoni tunajifunza kupima mafuta ndani ya maziwa. Mama Inge, mwenye nyumba ninayokaa, amenipa koti la marehemu dada yake. Linanifaa sasa kwa vile nimepanuka.

Nimeuliza bei kama ulivyosema, na nilikaa kimya kama ulivyosema, lakini nao walikaa kimya. Kiti cha ndege ya kawaida kutoka Dar es Salaam mpaka hapa sikiwezi, hata nikijinyima mwaka mzima. Ipo njia ya bei ndogo kidogo inayopita Kairo na Athene. Unashuka, unalala benchi, unabadilisha ndege, unashuka tena. Nilikuona akilini unasimama chini ya ubao wa majina usioweza kuusoma, nikaikataa. Meli nayo niliifikiria. Mfereji wa Suez bado umefungwa tangu vita, meli zinazunguka bara zima. Ungefika mtoto anakaa.

Halafu Mama Inge, ambaye mdogo wake anafanya kazi ya tiketi, akaniambia habari nyingine. Wazungu wa huku baridi ikianza hukodi ndege nzima kwenda kuota jua pwani yetu, kwenye hoteli za Kunduchi. Ndege inakwenda imejaa. Lakini wapo wanaokaa wiki mbili na wapo wanaokaa nne, kwa hiyo ikirudi viti vingine viko vitupu. Viti hivyo huuzwa Dar es Salaam bila kutangazwa, kwa robo ya bei, na ndege haishuki popote ila kuongeza mafuta. Ukipanda, ukishushwa, umefika kwangu. Hicho nakiweza. Nimekuwa nikiosha vyombo hotelini jioni.

Masharti ni haya. Siku ya ndege haibadilishwi. Fedha hairudi. Na msafiri mwenyewe lazima afike ofisini Dar na pasi na cheti cha chanjo, athibitishe kabla ya siku watakayomwambia, la sivyo kiti kinakwenda kwa mwingine.

Kuna jambo jingine. Kila nikienda kliniki mkunga anafungua faili, ananiuliza mama yangu alizaa vipi na alikufa kwa nini. Mara ya kwanza nilisema homa. Sijui kwa nini nilisema homa. Akaandika homa. Bibi, naomba unijibu hilo, wanasema wanahitaji kujua. Mzee Silasi, uniwie radhi.

Mjukuu wako,
Maua

*

Ng'ambo, Tabora
28 Oktoba 1973

Maua,

Marahaba. Sisi wazima. Lugembe amejenga kibanda kijijini kwao kupya na amepewa jirani anayepiga chafya usiku kucha. Mvua za kwanza zimenyesha Ntalikwa, shamba langu limepata, mjini bado vumbi. Bei ya sukari nisikwambie.

Pasi nimepata. Kule ofisini waliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikawaambia mimi nilikuwapo, lakini sikuwa na akili ya kutazama. Yule bwana akanitazama usoni kama anayenunua mbuzi, akaandika umri. Sikuupenda, lakini ni wa bure. Picha nimetoka kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Chanjo nazo nimechomwa, mkono ukavimba, nikapika ugali kwa mkono mmoja siku mbili.

Habari zimezagaa mtaani. Kila anayepita anasema, "Bi Tatu, tunasikia unakwenda Ulaya kwa Wazungu." Nawaambia nakwenda kwa Maua, Wazungu wapo tu.

Hilo la ndege ya watalii nimelielewa na nimelipenda. Hata misafara ya zamani, wapagazi waliorudi bara bila mzigo walibeba cha mtu kwa bei ndogo kuliko kurudi mikono mitupu. Lipa hicho kiti.

Swali lako. Si homa. Mwambie huyo mkunga afute homa, pasiandikwe kitu, anisubiri. Silasi amekaa hapa na kalamu yake, na mambo ya chumba cha uzazi hayapiti kwenye kalamu ya mwanamume. Hata yeye hataki, nimeona anavyotazama mlango. Na hakuna mwanamke mtaa huu anayeandika zaidi ya jina lake. Nitakuambia kwa mdomo, mimi na wewe, mlango umefungwa.

Usikae miguu ikining'inia. Iweke juu.

Bibi yako,
Tatu

*

Kopenhagen
11 Novemba 1973

Bibi,

Shikamoo. Nimelipa. Jumamosi tarehe 15 Desemba, jioni, kutoka Dar es Salaam. Ofisi iko karibu na Posta Kuu, na karani wa tiketi hizo anaitwa Pazi. Fika mapema, yeye ndiye atakayekuambia siku ya mwisho ya kuweka dole gumba.

Soksi vaa mbili mbili. Asali ifunge vizuri, ikimwagika ndegeni wataiona ni ajabu. Nimeomba kitanda cha pili, Mama Inge amekileta, nimekitandika tayari. Jana nilikalia nikakitazama tu.

Mkunga amefuta homa. Ameacha mstari mtupu. Nimemwambia mwenye jibu yuko njiani.

Twalibu anakusalimia kutoka bandari ambayo jina lake sikuweza kulisoma.

Maua

*

Dar es Salaam
10 Desemba 1973

Maua, mke mwenzangu,

Marahaba. Niko Magomeni kwa Sikuzani, binti wa dada yangu. Wote wazima. Joto la huku ni kama kukaa ndani ya sufuria.

Ndege sitapanda. Nalisema kwanza ili usisome ukilitafuta.

Leo haandiki Silasi. Anaandika Pazi, karani wa tiketi. Ni Mzaramo. Anaandika kwa adhabu, na nimemwambia barua hii itasomwa na mtu mwingine mbele yangu kabla haijafungwa, kwa hiyo asithubutu kuruka neno.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwake. Alipoona pasi inasema Tabora akasimama, akawaita wenzake, "Njooni muone, mzigo umekuja wenyewe!" Nikajua nimefika kwa mtani. Wewe unajua mambo yetu na Wazaramo, lakini huyo aliye tumboni atakuja kusomewa hii, basi ajue: wazee wetu walipofika kwao na misafara walitukanana mpaka wakawa ndugu, na tangu hapo Mzaramo akikwambia kitu unakigeuza kwanza uone chini kuna nini.

Akasema, "Bibi, Wanyamwezi hawakai vitini. Mtaibeba ndege mpaka mwisho wa uwanja, ndipo iruke."

Nikamwambia, "Na nyie mtakuwa wapi, mmejificha vichakani kama siku zote?"

"Tiketi yako nafuu kwa sababu utakaa juu ya mabegi. Si ndiyo kazi ya ukoo?"

"Na wewe umekaa mezani kwa sababu mnazi ulikushinda kupanda."

Akanyakua mtandio wangu, akajitanda, akasema haurudi mpaka nitoe fidia. Nami nikachukua chai yake nikainywa yote, amesimama ananitazama. Ofisi nzima ilicheka. Hata Mhindi mmoja aliyekuja kukata tiketi ya Bombay alicheka bila kujua anacheka nini. Maua, nilijisikia nyumbani. Tangu nishuke kwenye treni nilikuwa sijatukanwa na mtu.

Halafu akakunja uso. "Bibi Tatu, sasa utani tuuweke kando. Leo ndiyo siku ya mwisho. Weka dole gumba hapa kabla hatujafunga, la sivyo kiti anapewa mwingine."

Sasa niambie, mtani anapotaka kukumaliza si ndivyo anavyoanza? Anakunja uso, anakwambia utani kando. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, "Weka lako, dole la Mzaramo halina kazi nyingine." Nikachukua mtandio wangu nikatoka.

(Mimi Pazi, mwandishi: nilimfuata mpaka nje. Nikamwambia mara ya pili, barabarani, kwa heshima. Alinitupia ganda la chungwa.)

Nilimtupia, kweli. Nilidhani anaendeleza.

Jumamosi ofisi imefungwa, Jumapili sikukuu ya Uhuru, tukaenda na Sikuzani kutazama gwaride. Leo asubuhi nikaenda na pasi yangu na cheti changu na dole gumba langu nimelisugua kwa sabuni. Pazi aliponiona hakusimama wala hakunitukana. Akasema, "Shikamoo, Bibi." Nikavuta kiti nikakaa.

Kiti kimepewa mtalii aliyeugua anayerudishwa kwao mapema. Siwezi kumchukia mgonjwa. Hakuna wa kumlaumu ila utani, na utani haushtakiwi popote.

Nimeuliza nyingine. Anasema mafuta ya ndege yamepanda, Waarabu wamefunga mabomba, ndege zinazokuja zimepunguzwa na zinazorudi zimejaa mpaka Machi. Nilimwuliza mara tatu kama huo nao ni utani. Akalia.

(Sikulia. Ofisi ina vumbi.)

Hela yako ya kuosha vyombo imepotea na mimi ndiye niliyeipoteza. Kesho napanda treni kurudi. Kuhusu swali lako: anayeandika ni mwanamume, tena Mzaramo. Siwezi.

Kitanda kile usikitandue.

Tatu

*

Kopenhagen
27 Desemba 1973

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Nilicheka mpaka pale kwenye ganda la chungwa, kisha nikaacha.

Huku Jumapili magari hayaruhusiwi kutembea, ni hayo hayo mafuta. Watu wanatembea katikati ya barabara na baiskeli na farasi. Kimya chake si cha kawaida. Nimetembea mpaka kliniki na kurudi. Mlango ulikuwa umefungwa, nilisahau ni sikukuu.

Fedha usiiseme tena.

Zimebaki wiki sita. Mstari ule kwenye faili bado mtupu. Mkunga anasema kama mama alikufa kwa jambo linaloweza kurudi, wao wanaweza kujiandaa, lakini hawawezi kujiandaa kwa jambo wasilolijua. Nilikuwa nasubiri mdomo wako, na mdomo wako hauji. Basi nauliza mbele ya yeyote anayesoma. Mzee Silasi, nakuheshimu kama babu yangu. Soma mpaka mwisho wa mstari, kisha ukitaka kutoka nje, toka.

Mama yangu Siwema alikufaje siku aliyonizaa?

Usinitulize. Nijibu. Naogopa, Bibi.

Maua

*

Ng'ambo, Tabora
14 Januari 1974

Maua mwanangu,

Marahaba. Salamu za watu zitakuja siku nyingine.

Silasi aliisoma mpaka mwisho, amesimama. Akavua miwani. Akasema, "Bi Tatu, hii si kazi yangu. Lakini ni kazi ya mtu, na ni ya leo." Ndiye aliyeniambia kuhusu mwalimu Tekla, mwanamke wa Bukene aliyeletwa wiki hii kufundisha darasa la watu wazima nyuma ya soko. Nikaenda saa ile ile nikamtoa darasani, wazee wenzangu wakabaki na chaki zao. Ana watoto wawili, haogopi neno. Tumefunga mlango. Yeye ndiye anayeandika.

Sikiliza la kwanza. Wewe hukumwua mtu. Ulitoka kichwa mbele, bila taabu, jua halijafika utosini. Ulilia kabla hujaguswa. Siwema alisema, "Huyu ana sauti ya mnadi wa samaki," akacheka, akakuomba, nikamwekea kifuani. Alikuona vizuri. Alikushika masikio yote mawili.

La pili. Ilikuwa Bukene, kwenye nyumba za reli, kwa baba yako, Mungu amrehemu. Kondo la nyuma halikutoka. Tukangoja. Bibi mmoja mkunga wa pale alisema lisivutwe, litashuka lenyewe. Tukamsugua tumbo, tukamwinamisha, tukamfanya apulize ndani ya chupa. Likatoka nusu. Ndipo damu ikaja, na damu ile haikuja kama inavyokuja kwa wengine, ilikuja bila kusimama. Tulifunga khanga, tukaweka khanga nyingine. Treni ya kuja hospitali Tabora ilikuwa ya jioni. Siwema hakufika jioni. Hakupiga kelele. Alisema anasikia baridi, nikamfunika, akasema bado.

La tatu, na hili ndilo la kumwambia mkunga, mwambie lote. Mimi nami nilipomzaa Siwema kondo langu lilichelewa vile vile, nikatoka damu siku nzima, nikapona kwa sababu nisiyoijua. Mama yangu hivyo hivyo kwa mdogo wangu. Kwetu kondo hung'ang'ania. Tekla anasema hospitali wanaweza kulitoa kwa mkono, na wanaweza kuweka damu ya mtu mwingine tayari kabla hujaanza uchungu. Basi waiweke. Wakikwambia haina haja, waambie bibi yako amesema ina haja.

Umekaa miaka yote hiyo bila kuambiwa. Nilikuwa nikijiambia bado mtoto, kisha bado msichana, kisha umeondoka, kisha mwandishi ni mwanamume. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine, sikutaka kulisikia likitoka mdomoni mwangu. Leo nimelisikia. Kalamu ya Tekla imesimama, nimemwambia aendelee.

Barua hii ameiandika mara mbili. Moja inakwenda kwa stempu. Ya pili anaichukua mlinzi wa treni, anampa Pazi mkononi, na Pazi atamtafuta mtalii anayerudi kwenu aitie kwenye sanduku la mji wako. Nimemwambia Tekla aandike juu ya bahasha: "Mzaramo, huu si utani."

Uchungu ukianza usijifanye jasiri. Piga kelele. Mimi nitakuwa nimekaa hapa kitako, sitatoka ndani mpaka nisikie.

Bibi yako

*

Kopenhagen
16 Februari 1974

Bibi,

Shikamoo. Ni msichana. Nami nipo.

Alizaliwa tarehe 9, Jumamosi, alfajiri. Barua ya Pazi ilinifikia mwisho wa Januari, imetiwa sandukuni na mtalii mwenye mwandiko wa duara, na Pazi amechora pembeni Mnyamwezi amebeba ndege kichwani. Ile ya stempu imefika jana.

Siku niliyoipata niliipeleka kliniki. Nilimsomea mkunga kwa Kiswahili kwanza, sijui kwa nini, nilisoma yote mpaka chini, naye alikaa akasikiliza. Kisha nikamtafsiria. Aliandika mistari minane pale palipokuwa patupu, akamwita daktari.

Kondo lilichelewa. Walikuwa tayari. Niliona chupa mbili zimetundikwa kabla hata sijauliza. Daktari alilitoa kwa mkono, nilikuwa nimelazwa usingizi. Sasa nina damu ya watu wawili wa huku na sijapenda samaki wao wabichi hata hivyo.

Nilipiga kelele. Mama Inge anasema nilisikika barabarani.

Amechukua masikio yako. Sijampa jina, nangoja neno lako. Masomo yanaisha Juni, na Twalibu ameandika kwamba atakuja Aprili na anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwako.

Kitanda cha pili nimemlaza yeye, katikati, na mito pande zote.

Maua

*

Ng'ambo, Tabora
5 Machi 1974

Kwa mke mwenzangu Maua, na kwa huyo mdogo,

Marahaba mara mbili, moja yako na moja yake, ameniamkia ila hamkusikia.

Sisi wazima. Lugembe ameruhusiwa kuhamishia mizinga karibu na kijiji, nyuki wamekataa, wamerudi walikotoka. Tekla ananifundisha kuandika. Najua herufi tano na nazichukia zote. Leo kalamu anayo Silasi, kwa ombi lake mwenyewe. Barua yako ameisoma yeye. Nilimwambia anaweza kuruka pale katikati. Hakuruka. Alisoma kondo, alisoma damu, alisoma chupa mbili, kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Alipomaliza akaniambia, "Amefika salama, Bi Tatu," akajipangusa macho.

Jina lake Siwema. Katika nyumba hii limekuwa likisemwa kwa kunong'ona. Wewe ukimwita, mwite kwa sauti.

Pazi nimemtumia asali, na matusi ya kutosha mwaka mzima. Ameagizwa aanze kutafuta kiti cha nafuu cha kukuleteni mwezi wa sita. Akikuandikia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho, weka dole.

Twalibu nimemsamehe nusu.

Siku ile ya Bukene nilikuwa nimeshapika uji wa uzazi, wa mtama, na samli na pilipili manga. Siwema hakuunywa. Nikaumwaga mwenyewe nyuma ya nyumba za reli. Tangu hapo nimewapikia wazazi wa mtaa huu wote, sijawahi kuonja. Juzi barua yako ilipokwisha kusomwa nikawasha moto, nikapika chungu kikubwa. Wakaja wanawake wa mtaa, akaja Tekla na wanafunzi wake wazee. Silasi akasimama mlangoni akisema hicho si chakula cha mwanamume. Nikampa kikombe, akanywa akitazama dari. Mimi nilikunywa viwili, na cha pili nilikilamba.

Chungu kimekwisha chote, Maua. Nimekiosha, nimekianika juani.

Bibi yenu,
Tatu binti Kashindye